Kumshikisha Chiriku Filimbi

4 Februari

Mdogo wangu,

Huku sote wazima, mgonjwa ni cherehani peke yake. Inakata uzi tangu Jumatatu na fundi wake hana haraka. Wewe je, bahari inakulea?

Nina kesi na wewe. Ulipokwenda huko melini kuwapigia watu muziki wakiwa wanakula, uliniachia binti yako na sanduku la filimbi yako ya zamani, ukasema mtoto nimlishe na sanduku nisiliguse. Mtoto nimemlisha mpaka mashavu yamejaa. Sanduku kalifungua mwenyewe, juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya gauni la bibi harusi wa watu. Nilipomkuta alishaunga vipande vyote vya filimbi, anaipuliza kama anayepoza uji. Nikamwambia ni ya baba, rudisha. Akanijibu, "Baba ni wangu, kwa hiyo na vyake ni vyangu." Ulimpa jina la Chiriku kwa sababu hafungi mdomo, sasa vuna ulichopanda. Maneno kayarithi kwa marehemu mama yake, ukaidi kaurithi kwako.

Basi nimempeleka kwa mwalimu wa bendi pale shuleni kwao. Mtu mzuri, lakini ni mtu wa tarumbeta, filimbi anaijua kwa kuiona. Kila Jumamosi wanakaa wote wawili wanaiangalia. Shida ni moja, Chiriku hajui kuishika. Inaanza imenyooka, ukigeuka inainama upande wa kulia, ukigeuka tena iko mapajani. Anasema mikono inamuuma. Nikimshika kiwiko anasema namtekenya.

Wewe ndiye mwenye kazi yako. Niandikie mtoto wa miaka saba anashikaje filimbi bila kuumia, na uandike kwa lugha ya mtu wa sindano, si ya mtu wa muziki.

Dada yako,
Fundi


27 Februari

Dada Mkubwa,

Barua yako nimeisomea jikoni mwa meli. Nimecheka mpaka mpishi akataka na yeye asomewe. Chiriku anapuliza filimbi! Nilitaka nimfundishe mwenyewe nikirudi mwezi wa kumi, kaninyang'anya raha yangu, lakini nimefurahi sana, sijui hata nikueleze vipi.

Kosa la kwanza ni kumpa filimbi nzima. Ni ndefu kuliko mkono wake. Mpe kichwa tu, kile kipande chenye tundu la kupulizia, akipulize kama watoto wanavyopuliza mdomo wa chupa. Wakati huo mikono haina kazi. Akishatoa sauti safi ndipo umuungie vipande vingine. Na usitumie kichwa kilichonyooka. Sandukuni, chini ya kitambaa chekundu, kuna kingine kilichopinda kama mpini wa mwavuli. Hicho ndicho cha watoto, kinairudisha filimbi karibu na mwili, mkono wa kulia hauendi mbali.

Filimbi haikabwi, Dada, inalazwa. Inalala chini ya mdomo, inalala kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, pale kidole kinapoungana na kiganja, na inalala juu ya gumba la kulia linalokaa kwa chini. Vidole vilivyobaki vijikunje kidogo kama ameshika chungwa. Mabega yashuke. Mkalishe kwenye kigoda cha kimo chake, nyayo zote mbili ziguse chini, na kichwa akigeuze kidogo kushoto kuifuata filimbi, asiivute imfuate yeye.

Asipige kwa muda mrefu kuliko chai inavyochemka. Akichoka aiweke mezani, asiiache kwenye kiti, maana utaikalia, nakujua.

Mdogo wako,
wa melini


22 Machi

Bwana Muziki,

Kichwa kilichopinda tumekipata. Chiriku kakiita bata, na sasa nyumba nzima ni bata, bata kalala, bata kaamka, bata anataka kufutwa pua. Sauti katoa, tena safi. Jirani wa ukuta wa pili kauliza kama tumenunua redio. Jumamosi kapiga noti tatu, mwalimu wa bendi akasimama akapiga makofi peke yake darasani.

Mkono wa kushoto hauna neno. Kidole kilikuwa kinapata alama pale ulipopataja, nikashona kimto chembamba cha sponji, nikaizungushia filimbi mahali hapo. Kwa hilo nataka unisifu kwenye barua ijayo, tena kwa maneno marefu.

Tatizo ni mkono wa kulia. Anaanza vizuri, wimbo haujafika nusu kiwiko kinashuka mpaka kwenye mbavu, na filimbi inaning'inia. Nimemwekea mto chini ya kiwiko. Nimemkalisha kwenye kiti chenye pa kuegemeza mkono. Nimemfunga kitambaa shingoni, mkono upumzike humo. Anasema, "Shangazi, mkono umelala, mimi niko macho." Nikacheka, nikamwambia auamshe basi. Au kuna mahali pengine pa kuilaza umepasahau?

Fundi


15 Aprili

Dada Mkubwa,

Kimto nimekisifu mbele ya bendi nzima. Mpiga fidla anataka umshonee cha kidevu.

Mahali pengine hakuna. Na sasa nitakuudhi kidogo. Hiyo mito, kiti cha kuegemea, kitambaa cha shingoni, vyote ondoa. Mkono wa kulia unamchosha kila anayeanza. Wangu ulinichosha mpaka nikalia, na mwalimu wangu hakunipa mto. Ukimwegemeza kila mahali mkono utapata wapi nguvu? Kata kijiti cha urefu wa filimbi. Asimame, mgongo ukutani, akishike kama anapiga, na wewe umwimbie wimbo mmoja mzima. Kijiti kikishuka, anakinyanyua na wimbo unaanza upya. Iwe kila asubuhi kabla ya shule. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unaniambia hivyo nikiwa mdogo, umeshika mwiko.

Usimwonee huruma sana, mwambie baba kasema. Mkono unafundishika.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Tumefanya ulivyosema. Kijiti nimekikata kwenye ufagio mkuukuu. Kila asubuhi yeye ukutani, mimi naimba huku nachemsha chai. Mwanzoni alikuwa anacheka sauti yangu. Siku hizi anaanza kulia kabla sijaanza kuimba. Namwambia baba kasema, basi anakinyanyua hivyo hivyo na machozi yake. Ana ujanja, mkono wa kushoto unausukuma wa kulia kutoka chini, anadhani simwoni. Mwalimu wa bendi naye ananitazama vibaya, anasema kijiti kimetosha. Nimemwambia yeye ashike tarumbeta lake.

Mengine ni mazuri. Chiriku amekua, ila ukubwa umemletea uzembe. Vikombe vimevunjika viwili. Vifungo vya shati la shule hataki kufunga mwenyewe, anakuja kwangu kama mtoto wa miaka mitatu, nimeving'oa nikamwekea zipu. Nywele hataki kuchana, anasema mkono haufiki, nimemkata fupi kama askari, kapendeza. Ngazi za hapa nje anapanda kwa kushika ukuta, nikamtafutia viatu vyepesi.

Jana nilimpima gauni la onyesho la shule. Mkono wa kushoto wa gauni ulikaa sawa, wa kulia ulimpwaya, na nilikata yote miwili kwa kipimo kimoja. Niliona aibu, fundi mzima nakosea gauni la mtoto wangu mwenyewe. Nimeupunguza wa kulia, sasa hata fundi mwenzangu hawezi kugundua.

Onyesho ni Jumamosi. Atapiga noti zake tano. Uombee huo mkono.

Fundi


20 Mei

Mdogo wangu,

Barua fupi, kazi ni nyingi. Sisi wazima. Onyesho limeahirishwa, ukumbi wa shule unapakwa rangi. Filimbi tumeipumzisha kidogo, na kijiti pia, maana mwalimu wa bendi kasafiri. Chiriku anakula vizuri, anaongea kama kawaida yake, anasema ukirudi umletee kasuku.

Usitume mazoezi mengine kwa sasa. Ukimwandikia, mwandikie habari za bahari.

Usifikiri sana. Kula.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Barua yako ya tarehe 8 nimekabidhiwa leo, tangu tutoke bandarini ilikuwa imechanganyika na za wenzangu. Nilikuwa nacheka pale ulipomjibu mwalimu wa tarumbeta. Nilipofika kwenye gauni nikaacha kucheka.

Wewe hukosei mkono mmoja wa gauni. Tangu nakujua hujawahi. Ulikata sawa, Dada, mkono wa mtoto ndio uliopungua. Vikombe, vifungo, nywele, ngazi, vyote umeniandikia mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na hukuviona kwa sababu kila kilipotokea kimoja ulipata cha kushona. Na mimi sina mdomo wa kukulaumu. Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba mtoto anasema mkono umelala, nikakujibu kwa kijiti. Wewe ulikuwa unarekebisha gauni, mimi narekebisha filimbi, na mtoto mwenyewe hakuna aliyemtazama.

Mpeleke hospitali kesho. Si zahanati ya hapo jirani, hospitali kubwa. Wasimulie yote kama ulivyonisimulia mimi, na gauni uende nalo. Niko katikati ya maji, barua hii itakaa kwenye mfuko wa posta mpaka tufike bandari yoyote, sijui utaipata lini. Nimeomba simu ya meli. Nahodha kasema ni ya meli kuzama tu. Nimemwambia kwangu imeshazama, akaniona mlevi.

Kivunje hicho kijiti.

Mdogo wako


3 Juni

Ndugu Mzazi,

Mimi ndiye mwalimu wa bendi wa shule anayosoma binti yako. Hatujaonana. Dada yako hajui kwamba nakuandikia, anwani ya meli niliinakili kwenye bahasha yako aliyokuja nayo darasani siku moja.

Amenieleza alichokuandikia, na usingizi umenipotea. Sikusafiri, na ukumbi haupakwi rangi. Onyesho lilifanyika Jumamosi ile ile. Chiriku alipiga noti mbili, filimbi ikamtoka, ikaanguka jukwaani. Alichuchumaa kuiokota akashindwa kuinuka. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao, kisha akamtafuta shangazi yake kwa macho. Dada yako alipanda jukwaani akambeba.

Jumatatu niliwasindikiza hospitali kubwa. Wamempima mengi. Ni ugonjwa wa misuli, kazaliwa nao, unamla nguvu polepole. Daktari alisema hakuna aliyeuleta, na hakuna dawa ya kuurudisha ulikotoka. Alituuliza ni mazoezi gani mtoto alikuwa anafanya. Nilijibu mimi, nikasema nilimpa mimi. Nakueleza ili ukisikia hivyo usishangae.

Dada yako anakuandikia karibu kila siku, halafu anazichana. Nilimshauri akwambie ukweli. Aliniambia, "Mtu yuko katikati ya maji, nikimwambia atakwenda wapi?" Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Hata hivyo nimeandika, kwa sababu wewe ni baba yake.

Wako,
Mwalimu wa bendi


24 Juni

Dada,

Mwalimu kaniandikia. Usimgombeze.

Nilikukasirikia siku nzima. Barua yako ya tarehe 20 ilikuwa imenituliza, nikawa nimeshashuka bandarini kumtafutia kasuku, unajua? Nimesimama na mabwana wa ndege, nabishana nao kasuku gani anajifunza maneno haraka. Kumbe wewe uko hospitalini umembeba mtoto mgongoni. Kisha hasira ikaisha, na bora ingebaki, kwa sababu hasira angalau ni kazi ya kufanya.

Nimekwenda kwa nahodha tena. Kasema mkataba ni mpaka mwezi wa kumi, na nikishuka bandari yoyote kati ya hizi sina hati ya kunivusha kwenda popote, hati yangu ni ya meli. Nimekwenda kwa mkuu wa bendi, kanipa pole. Kila mtu huku ananipa pole, ninazo za kufungulia duka. Jioni navaa shati jeupe naingia ukumbini, watu wanakula samaki, mimi napiga. Mikono inanyanyuka yenyewe. Haichoki. Naitazama nikiwa napiga na ninaichukia.

Nieleze yote, Dada. Usinipunguzie hata kidogo. Kijiti kilimuumiza? Niambie ndiyo au hapana. Alinisema nini alipokuwa analia pale ukutani na wewe unamwambia baba kasema? Daktari kasema itakuwaje baadaye? Na filimbi ifungie sandukuni, iondoe hapo nyumbani, mpe mwalimu, asiione tena.

Nimeshindwa kabisa. Hata barua hii sijui nimalizie wapi.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Nisamehe kasuku. Nilitaka barua ifanane na zile za zamani, nikaandika la kwanza lililokuja.

Umetaka yote. Daktari anasema kijiti hakikuleta ugonjwa, ila kuuchosha mkono uliokwisha kuchoka hakukumsaidia kitu. Nilirudi kumuuliza siku nyingine, nikidhani labda atapunguza, akajibu vile vile. Basi tugawane, nusu yako nusu yangu, maana wewe ulisema na mimi ndiye niliyeimba. Alipokuwa analia hakukusema vibaya. Alikuwa anauliza baba atarudi lini aone kwamba amejaribu.

Mkono wa kulia sasa haufiki mdomoni. Wa kushoto umeanza. Miguu bado inambeba humu ndani, nje nambeba mimi. Nilimuuliza daktari baada ya mikono na miguu kinafuata nini. Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu. Akasema mwisho ni pumzi. Si leo wala si mwakani, lakini mwisho ni hapo. Akasema kupuliza hakumdhuru, tumwache apulize anavyotaka maadamu anaweza. Maji yamezidi unga, mdogo wangu. Mimi napunguza, naongeza, natia kiraka, nguo ya mtu yeyote naiokoa. Hapa nimekaa na sindano mkononi sioni pa kuanzia.

Kwa hiyo filimbi sikuifunga. Nilijaribu, siku barua yako ilipofika. Akaniuliza imekosa nini, nikaitoa tena. Mwalimu wa bendi kachonga nguzo mbili za mbao zinazosimama juu ya meza ya kukatia, filimbi inalala hapo, Chiriku anakaa nyuma yake analeta mdomo tu. Hashiki kitu. Haumii hata kidogo sasa, ndicho tulichokuwa tunakitafuta sote siku zote hizo. Usiku ule wa kwanza nilipompeleka kulala nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Vidole ni vyangu. Nasimama mgongoni kwake, mikono yangu inapita kwapani mwake, yeye anapuliza mimi nabonyeza. Noti sizijui, ananiita kwa majina ya vidole. "Shahada! Gumba! Shangazi, nimesema gumba, hicho ni kidole gani?" Mwalimu anageukia dirishani, anasema kuna vumbi. Nikikosea Chiriku anacheka, anacheka mpaka pumzi inakatika, na mimi namshika kifua kwa mikono yote miwili mpaka irudi. Inarudi. Halafu ananiambia tuanze upya.

Rudi mwezi wa kumi. Usitoroke meli, usifanye ujinga, utapotea na wewe nibaki na wawili wa kulilia. Fanya kazi yako, kula, rudi.

Hapa chini anataka kukuandikia mwenyewe. Kalamu hawezi, kwa hiyo anasema yeye, naandika mimi. Kaniapisha nisiongeze wala nisipunguze neno.

Dada yako

Baba,

Shangazi anabonyeza vibaya lakini usimwambie, atasikitika. Hapa kakunja uso lakini anaandika kwa sababu kaapa.

Mwalimu anasema wimbo wetu ni mzuri, unahitaji mikono tu, vingine vyote ninavyo. Ukija utaweka yako, Shangazi akapumzike, ana magauni ya watu. Nitakufundisha, usiogope, si vigumu.

Kwenye kupuliza usinisaidie. Pumzi ninayo nyingi.

Chiriku